Dole Gumba la Mwantum

Vitabu viliwasili Mbuchini siku ya Jumanne, mwaka mmoja kabla ya mvua za El Nino, katika maboksi manne yaliyovishwa nailoni ili maji ya chumvi yasiingie. Mwalimu Nasibu, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alivihesabu mara mbili juu ya meza yake, akapata sitini na vinne, kisha akatuma watoto wakawaite wazazi. Vilikuwa vitabu vya rangi, vyenye karatasi za kuteleza, na vyote vilikuwa na jina moja: Mimi na Dunia: Raia Mwema wa Sayari Yetu. Kwenye jalada watoto wa kila taifa walishikana mikono kuizunguka dunia. Hapakuwa na hata mmoja mwenye tope miguuni.

Aliyevileta alikuwa kijana wa Dar es Salaam aitwaye Bashiru, afisa wa kampuni iliyotaka kufuga kamba katika delta. Miaka ile ya soko huria kila mwenye viatu vizuri aliitwa mwekezaji, na Mbuchini, kitongoji cha upande wa Salale kisichofikika ila kwa boti, kilikuwa kimeshawaona wawili. Mmoja alinunua kaa. Mwingine aliuliza maswali, akaandika, akaondoka. Bashiru hakununua wala hakuuliza. Yeye alitoa, na mtu anayetoa bila kuuliza bei ya chochote ni wa kutazamwa vizuri. Watu walimtazama vizuri. Lakini shule ilikuwa na vitabu kumi na kimoja tu, na vitatu kati ya hivyo havikuwa na kurasa za mwanzo.

"Mzazi anaweka dole gumba, mtoto anachukua kitabu," Bashiru alisema. "Ni kumbukumbu tu."

Rejesta ilikuwa nene, na sehemu ya juu ya ukurasa ilikuwa imefunikwa kwa rula ya mbao. Mwantum, mjane mwenye shamba la mpunga ng'ambo ya kijito, alikuwa amekuja kwa ajili ya binti yake Muzdalifa wa darasa la tano. Aliitazama ile rula kuliko alivyovitazama vitabu.

"Chini ya rula pana nini, mwanangu?"

"Mistari, mama."

"Mistari ya nini?"

"Ya kunyooshea."

Mwantum hakuridhika. Ila nyuma yake palikuwa na foleni, na Muzdalifa alikuwa keshakikumbatia kitabu. Akaweka dole. Bashiru akampa kipande cha sabuni akanawe wino, na sabuni hiyo ndiyo iliyomtia shaka zaidi. Watu wa ofisi aliowajua yeye hawakujali umeondoka na wino kiasi gani.

Aliyekataa alikuwa mmoja tu. Mzee Tamimu, mjomba wake Mwantum, alisema mgeni akikupa zawadi kwa mkono wa kulia, uliza wa kushoto uko wapi. Wajukuu zake wawili walirudi nyumbani bila vitabu huku wakilia njia nzima, na mama yao hakumsemesha mzee kwa siku nane.

Alhamisi asubuhi Mwantum alikaa barazani na jirani yake Biasha, wakisuka ukili wa mikeka. Ukili ulimponyoka mara ya kwanza, akaulaumu mnyaa, lile jani la kusukia. Ulipomponyoka mara ya nne aligeuza dole gumba lake la kulia akalitazama. Halikuwa na mistari. Lilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Biasha naye akatazama lake, likawa vilevile.

"Ile sabuni," Biasha akasema.

"Sabuni nilinawia mikono yote miwili. Mbona limefutika moja?"

Wakaendelea kusuka kwa kutumia vidole vya shahada. Kufikia adhuhuri ilijulikana kwamba kila aliyeweka dole shuleni alikuwa amepoteza mistari. Mwalimu Nasibu, aliyetia saini kwa kalamu, hakupoteza mistari bali saini. Kila alipoandika jina lake lilitoka kwa mwandiko wa mtu mwingine, umelalia kushoto, akawa anaweka alama ya vema tu kwenye mahudhurio. Mzazi mwingine, Sadala, aliyejigamba tangu Jumanne kuwa hawezi kudanganyika kwa kitabu, alianza kutembea na mkono mfukoni. Watu waliangaliana kwa pembe za macho. Wapo waliosema mwalimu kala, wapo waliosema mwenyekiti wa kitongoji kala, na kila mmoja alipofika kwa mwenzake kwanza alitupia jicho mkono wake.

Jioni ile Muzdalifa alikuwa akisoma kwa sauti sura ya nne.

"Kila raia wa dunia ana sauti. Ardhi, maji na misitu havigawiwi wala havibadilishwi bila wananchi wenyewe kuridhia. Swali la kwanza: Katika kijiji chenu, wananchi huonyeshaje kwamba wameridhia? Jadilini katika vikundi."

"Hebu rudia hapo," Mwantum akamwambia.

Muzdalifa akarudia.

"Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa kuliko aliyekiandika."

Wiki iliyofuata vijana wenye vigingi vyeupe waliingia katika shamba lake. Mpunga ulikuwa ndio kwanza unachanua. Walipiga vigingi mpaka chini ya dungu, kile kibanda cha juu ya miti ambamo yeye, na mama yake kabla yake, walikaa kila msimu kuamia ndege wasile mpunga. Aliwauliza kwa idhini ya nani. Wakasema wananchi wote wameridhia, karatasi ipo. Mwantum alishikwa na hasira. Hakuwa na shamba jingine. Tangu mumewe afariki, wali wote uliopikwa katika nyumba yake ulitoka hapo.

Mwenye pingamizi, walimwambia, aende ofisi ya kampuni, Kibiti, kabla ya Ijumaa, akaweke dole gumba kwenye fomu. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mwantum alikwenda kwa Mzee Tamimu.

"Shikamoo, mjomba. Nimekuja kukuazima kidole."

"Marahaba. Kipi?"

"Usichokitumia sana."

Tamimu alifikiri, akanyoosha kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Wakagusanisha, kidole cha mzee kwa dole la Mwantum, wakakaa hivyo kwa muda wa chai kuchemka, mistari ikahama. Ilikuwa mistari ya kizee, imekatikakatika, lakini ilishika. Wengine waliposikia wakaja kuomba, Tamimu aliwaambia vilivyobaki ana kazi navyo.

"Urudi nacho," alimwambia mpwawe. "Nawajua watu wa maofisini."

Mwantum alipanda boti mpaka Nyamisati, kisha lori la nazi mpaka Kibiti. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye feni na ramani kubwa ukutani. Bashiru alimwamkia kwa heshima, akampa kiti, akampa fomu. Mwantum akaweka dole. Bashiru alichukua kioo cha kukuzia, akaitazama ile alama, kisha akatazama ukutani.

"Hili si la kwako, mama."

"Liko mkononi mwangu, litakuwaje si langu?"

"La kwako liko pale."

Mwantum alisogea kwenye ramani. Mabwawa ya kamba yalikuwa yamechorwa kwa wino wa buluu, yamepewa namba, na ndani ya kila bwawa mlikuwa na mistari iliyojikunja. Bwawa namba saba lilikuwa na mkato ulioikata mistari mshazari, pale mundu ulipomkata siku ya mavuno ya mwaka wa kifo cha mama yake. Bwawa namba tisa alilijua pia. Lilikuwa la Biasha. Mbuchini yote ilikuwa pale ukutani, imetulia, na katikati palikuwa na kiraka kidogo cheupe, uwanja wa Mzee Tamimu, ambao kampuni ilikuwa imeuchorea njia ya kuuzunguka.

"Nisomee ile rejesta," alisema. "Toa rula."

Bashiru hakukataa. Aliifungua akasoma kwa sauti safi, kama anayesoma matokeo ya mtihani: "Sisi wananchi wa Mbuchini, baada ya kuelimishwa, tumeridhia ardhi yetu itumike kwa maendeleo endelevu."

"Tumeelimishwa lini?"

"Vitabu, mama. Si mlipokea?"

Mwantum akalibandika dole lake juu ya bwawa namba saba, akalikandamiza. Mistari ilitikisika kidogo, ikainuka upande mmoja, ikalala tena.

"Nyingine hujaribu," Bashiru alisema. "Haziondoki mpaka mkataba uishe."

"Unaisha lini?"

"Miaka thelathini na mitatu."

Alirudi Mbuchini siku ya pili yake akamrudishia mjomba mistari. Mzee Tamimu aliihesabu yote, akaikuta imetimia, na hata hivyo akasema mmoja anauona mgeni. Mwantum alicheka kwa mara ya kwanza mwezi ule, kisha akalia, na mzee akamwacha alie.

Mashine zilifika kabla mpunga haujakomaa. Zilianza na mikoko ya ukingoni. Shuleni walikuwa wamefika sura ya tano, inayoeleza jinsi mizizi ya mikoko inavyoshika udongo na kulea samaki wachanga, na kelele zilipozidi Mwalimu Nasibu alifunga madirisha ili wanafunzi wasikie. Walifanya zoezi vizuri. Muzdalifa alipata yote, na mwalimu akamwekea vema kumi, kwa kuwa hakuwa tena na saini ya kumwekea. Mwezi wa sita afisa elimu alikuja kukagua, akaisifu shule kwa kuwa na vitabu vingi kuliko watoto.

Watu waliizoea mikono yao. Waliosuka ukili walipaka majivu doleni ili usiteleze. Pingamizi lilibaki moja, lile alilopeleka Mwantum, lililohesabiwa kuwa la Mzee Tamimu kwa kuwa mistari ilikuwa yake, nalo lilipokelewa, likapigwa muhuri, likawekwa katika faili lake.

Mabwawa yalipojaa, yangeyange wakaanza kuja kwa mamia kula kamba wachanga. Kampuni ikatangaza nafasi za wanawake wenye uzoefu wa kuamia ndege. Mbuchini hapakuwa na mwenye uzoefu kumzidi Mwantum, na ghalani hapakuwa na mpunga. Asubuhi ya siku ya kuandikishwa alipanga foleni kwenye tuta la bwawa, mbele ya meza ya Bashiru. Zamu yake ilipofika alitaja jina lake na la baba yake, akanyoosha dole gumba kuelekea kidau cha wino.

"Usijisumbue, mama," Bashiru alisema, akikisogeza kidau pembeni. "La kwako tunalo."

Mwantum akasema ahsante, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, akapokea kopo la kufukuzia ndege, akaenda kazini.