Chupa Sitini za Sharmula

Mwalimu wa ujasiriamali pale chuoni Sfax, Tunisia, aliwagawia wanafunzi dodoso. Swali la saba liliuliza: je, jamaa zako watakuunga mkono ukianzisha biashara? Rihab, wa mwaka wa mwisho, akaweka tiki penye "Sana" bila hata kufikiri. Na kweli walimuunga mkono. Taabu ilianzia hapo.

Biashara aliyoibuni ni ya kuuza sharmula kwenye chupa. Kuuza sharmula Sfax! Hebu mtu anieleze akili hiyo aliitoa wapi. Kila nyumba mjini humo hupika yake kwa asubuhi ya Idd: vitunguu na zabibu hukaa kwenye moto mdogo siku nzima mpaka viwe rojo jeusi tamu, la kulia samaki wa chumvi. Mwanamke atakupa siri za ndoa yake kabla hajakupa vipimo vya sharmula yake. Lakini binti alikuwa amesoma sura nne za kitabu cha masoko, basi nani angemwambia kitu.

Baba yake, Mwalimu Lamjed wa hesabu, alijaribu. "Binamu yangu amekushikia nafasi ofisini kwake. Meza, kiti, kiyoyozi. Wewe unataka kunuka vitunguu."

"Nijaribu tu, baba."

"Haya. Uza chupa sitini kabla jua halijazama siku ya Idd. Ikibaki hata moja, unakwenda ofisini, na sitaki kusikia habari za vitunguu tena."

Rihab alipika wiki mbili, machozi yakimchuruzika, na siku tatu kabla ya Idd chupa zikawa zimekwisha. Mama mkubwa Salwa alichukua ishirini. Shangazi Wasila kumi na tisa. Mteja asiyetaka kujulikana aliagiza ishirini kupitia muuza mkate wa mtaani. Na moja ilinunuliwa na askari kijana pale stendi ya mabasi, akaila kwa kidole mara tu baada ya adhana ya magharibi, amesimama.

Aliyekataa ni mmoja tu, Bibi Zakia, mama yake baba. "Mimi ninunue sharmula? Kwani nimekufa?" Baada ya futari akaonja nusu kijiko. "Mdalasini umezidi."

"Bibi, watu wote wananiunga mkono isipokuwa wewe," Rihab akamwambia, na siku ile alilala na kinyongo.

Asubuhi ya Idd wakatoka watatu, Rihab, baba na bibi, kwenda kuwapa jamaa mkono wa Idd. Kwa mama mkubwa Salwa sharmula ililetwa, lakini ilikuwa na pilipili manga tele. Rihab akaona si ya kwake. Akatumwa stoo kuleta glasi. Nyuma ya madumu ya mafuta ya zeituni, chini ya blanketi, akakuta chupa zake ishirini. Hakuna hata moja iliyofunguliwa.

"Mama mkubwa, hizi vipi?"

"Akiba hizo, mwanangu."

"Hujaonja hata moja."

"Sasa niwaandalie wageni sharmula ya kununua siku ya Idd? Wifi zangu si watanizika?"

"Ulizinunua za nini?"

"Nilikuwa nakuunga mkono," akasema mama mkubwa, na alikuwa anakaribia kulia.

Kwa shangazi Wasila, nyumba ya pili, Rihab hakungoja kutumwa. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akapiga magoti, akachungulia mvunguni. Kumi na tisa, zimepangwa pamoja na viatu vya harusi.

Akakaa pale chini sakafuni, aibu imemjaa mpaka masikioni. Angenyamaza tu mpaka magharibi angekuwa ameshinda, na nani angejua? Lakini angempikia nani tena mwakani, mvungu? Akazibeba chupa zote, akarudi kuchukua na zile za mama mkubwa, akazileta kwenye gari la baba yake.

"Baba, fungua buti."

"Buti bovu."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani. Ufunguo unakwama."

Bibi Zakia akatia mkono mfukoni mwa mwanawe kama alivyokuwa akifanya mwanawe huyo alipokuwa na miaka saba, akatoa ufunguo, akafungua. Ndani mlikuwa na chupa ishirini, kila moja imeviringishwa kwa karatasi ya mtihani wa hesabu yenye wino mwekundu.

Mwalimu Lamjed akatazama paa la jirani. "Ulikuwa unanuka vitunguu mpaka kwenye nywele," akasema mwishowe. "Ningefanyaje?"

Rihab akacheka huku analia. "Basi baba, sijauza. Nimeuza moja tu, ya yule askari."

"Alisema mdalasini umezidi?" bibi akauliza.

"Hakusema. Aliomba nyingine kwa ajili ya wenzake, nikamwambia zimekwisha."

"Mama yake yuko wapi?"

"Tataouine, kule kusini mbali."

"Mteja ndiye huyo, mjukuu wangu," bibi akasema. " Mtu aliye mbali na jiko la mama yake. Wewe umekwenda kuwauzia wenye sufuria, na wenye sufuria wakakuonea haya. Leo stendi kuna madereva, kuna askari, hospitali kuna wauguzi wa zamu. Hao nani kawapikia?"

Mwalimu Lamjed alikuwa anatazama saa yake.

"Tulikubaliana sitini," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Umeuza moja."

"Ndiyo, baba."

"Basi bado hamsini na tisa, na jua linazama saa kumi na mbili na nusu." Akafungua mlango, akakaa kwenye usukani. "Pakia upesi. Tunaanza na stendi."