Karatasi Aliyotusomea Mwalimu

Katika seli yetu aliyejua kusoma alikuwa mmoja, mzee aliyefundisha shule kabla ya kufungwa. Tulimwita Mwalimu. Madaktari walipoleta dawa ya kifua ya majaribio, yeye ndiye aliyetusomea karatasi, nasi tukaweka dole gumba. Kila mtu akapewa nakala yake.

Mwezi wa tatu wa kumeza dawa hiyo, vidole vyangu vikaanza kufa ganzi. Mimi ni fundi cherehani. Nje na ndani, sindano ndiyo iliyonipa heshima. Sasa nikawa siwezi hata kutunga uzi. Nikampelekea Mwalimu nakala yangu.

“Nitazamie, ndugu yangu, kama naweza kuacha.”

Aliitazama kwa muda. “Huwezi. Ukijitoa, jina lako linafutwa kwenye orodha ya msamaha.”

Nikaendelea kumeza.

Mwalimu huyo huyo alikuwa akinifundisha kusoma kwenye darasa la jioni, nami nina miaka hamsini na mmoja. Nilisoma kila nilichokiona: karatasi ya sabuni, amri za ukutani, gunia la unga. Wenzangu wakaniita Profesa Sabuni.

“Profesa, hebu msome na huyu kunguni, ameandikwa nini?”

“Kaandikwa jina lako,” nikamjibu.

Vya kusoma viliponiishia, nikaichukua ile karatasi ya madaktari. *Unaweza kujitoa wakati wowote, bila kueleza sababu, na hutapoteza haki yoyote.* Nilirudia mara tano, nikidhani kosa ni langu.

Nikamfuata Mwalimu. “Nisahihishe hapa.”

Hakuipokea. “Karani wa madaktari aliniambia asitoke mtu,” alisema. “Mkifika wote mwisho, barua yangu ya msamaha inatiwa saini.”

“Na vidole vyangu?”

“Nilidhani vitapona.”

“Sasa kusoma ulinifundishia nini?”

“Uliniomba. Sijawahi kumnyima mtu somo.”

Asubuhi nilijitoa. Daktari aliandika tarehe, hakuuliza neno. Cherehani yangu kwenye karakana ya gereza ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Jioni nilisimama darasani nikawasomea wenzangu karatasi yote, neno kwa neno, na wanane wakasema watajitoa kesho yake. Mwalimu alikuwa ameketi benchi la mbele, mahali pake pa kila siku. Katika sentensi moja nilitua pasipostahili. Akanisahihisha kwa sauti ya chini, kama kawaida yake.

Nikairudia, maana alikuwa sahihi.