Yai Lililozama

Yai lenyewe lilikuwa la kuku wa matroni, na kuku huyo hakuulizwa. Fauzia alilichemsha Ijumaa jioni kwa birika la umeme ambalo sheria za bweni zinalikataza, akalichora madoa na michirizi kwa wino mweusi, akalitia ndani ya soksi, kisha akalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu wake kwa taifa.

Aliyelengwa ni Shamsa, katibu wa klabu ya mazingira ya shule, msichana anayeweza kumlilia kaa aliyekanyagwa. Shamsa ndiye aliyeandika masharti tisa ya safari na kuyabandika mlangoni, na sharti la tatu lilisema: usiguse yai. Mpango wa Fauzia ulikuwa mwepesi na mtukufu. Wakifika kwenye fungu la mchanga ambako buabua, ndege wa baharini, hutaga, angeinama, angeinuka na yai mkononi, na Shamsa angezimia. Akizinduka wangecheka wote.

Jumamosi asubuhi boti iliondoka na wasichana kumi na wawili, pamoja na Mwalimu Tumaini, ambaye alikumbatia ndoo kabla hata injini haijawashwa. Mwongozaji alikuwa Mwanaharusi, mzaliwa wa kisiwa cha Juani, mwanamke mwembamba mwenye kofia ya ukili juu ya mtandio. Alizungumza kwa sauti ya chini, na wasichana kumi na wawili wakanyamaza wenyewe, jambo ambalo matroni alikuwa akilihangaikia tangu Januari.

Mbele kabisa alikaa mzee aliyekunja kanzu hadi magotini. Walimpa shikamoo mmojammoja, naye akaitika marahaba mara kumi na mbili, bila kuongeza wala kupunguza, kama anayehesabu nazi. Mwanaharusi akawaeleza kwamba huyo ni Mzee Ussi, mwenyekiti wa kamati ya kijiji. Tangu zamani watu wa kijiji, na wavuvi wageni wa kwenye dago, kambi zao za msimu, walishuka funguni na makapu wakazoa mayai. Mzee Ussi mwenyewe alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Miaka miwili iliyopita Mwanaharusi aliiomba kamati iwaache ndege, watu waletwe kutazama tu. Mwaka wa kwanza alihesabu mayai arobaini. Mwaka huu yalipita mia sita. Lakini nusu ya kamati bado inayataka makapu yake, na leo mwenyekiti amekuja kuona kwa macho yake kama mgeni anaweza kutazama bila kuchukua.

“Likitoka yai moja leo,” alisema Mwanaharusi, “mimi ninang'oa kamba nilizowawekea watu mpaka, na kesho makapu yanarudi.”

Fauzia aliihisi soksi ikiongezeka uzito mfukoni. Lakini mtu mwenye msimamo haachi mpango wake kwa sababu ya uzito wa soksi.

Fungu lilisikika kabla halijaonekana. Ilikuwa kelele ya bweni zima lililoambiwa kuwa leo ni pilau. Kisha kikatokea kitu cheupe juu ya maji, kama mchanga uliomwagiwa chumvi, na ile chumvi ikapiga mbawa. Walishuka maji yakiwa magotini, wakajipanga nyuma ya kamba ya katani iliyofungwa kwenye vigingi, na hapo hata Fauzia akasahau kufunga mdomo.

Buabua walikuwa wamejaa hadi mchanga haukuonekana. Kila mmoja alikuwa na kishungi cheusi kilichosimama kama nywele za mtu aliyeamshwa na kengele, na mdomo wa manjano ulio tayari kwa ugomvi. Hakuna aliyejenga kiota. Kila jozi ililinda yai moja juu ya mchanga mtupu, na hata jirani wa mbali zaidi alikaa umbali wa kudonolewa. Baadhi walitoka baharini na vidagaa mdomoni, wakavitoa kwa wenzao kwa adabu ambayo Fauzia hajawahi kuiona kwenye bwalo la chakula. Wengine walilowesha matumbo majini wakarudi kuyaatamia mayai. Mwanaharusi alinong'ona kwamba wanayapoza, maana jua likilipata yai kwa dakika chache tu, kifaranga anafia ndani.

“Na hakuna mayai mawili yanayofanana,” aliongeza. “Tazameni. Hili lina michirizi, lile madoa, lile kama limemwagikiwa wino. Mama huusoma mwandiko.”

Wakati huohuo buabua mmoja alishuka kutoka juu, akatua katikati ya ghasia ile, akapita mayai manane bila kuyatazama, akalala juu ya la tisa.

Fauzia aliwahi kuiga sahihi ya mkuu wa shule vizuri hata mkuu mwenyewe akaikubali. Sasa alisimama mbele ya wasomaji mia sita wasiodanganyika, akahisi kitu ambacho, baada ya kukichunguza, aligundua ni heshima. Kwa mara ya kwanza maishani aliamua kuacha mzaha. Akaingiza mkono mfukoni kuisukuma soksi chini zaidi. Soksi ilikuwa na tundu, na mfuko pia. Yai likatoka, likaviringika, likasimama mbele ya miguu ya Mzee Ussi.

Shamsa hakuzimia. Alisema tu, “Fauzia,” kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Mzee Ussi aliliokota. Akachota maji ya bahari kwa kata ya kutolea maji botini. Wazoa mayai wana kipimo chao: yai linaloelea lina kifaranga, hurudishwa, linalozama ni bichi, huingia kapuni. Akalitumbukiza. Likazama kama jiwe.

“La leo,” alisema. “La asubuhi hii.”

Mwanaharusi aliiendea kamba yake. Aliinama akashika kigingi cha kwanza, akaanza kukitikisa kitoke.

“Ni la kuku, babu,” Fauzia alisema. “Nimelichora mimi.”

“Usiongeze uongo,” Shamsa alimwambia, na haki alikuwa nayo. Nyoka wa mpira, kengele ya saa tisa usiku, barua ya mkaguzi asiyekuwepo: vyote vilikuwa kazi ya mdomo huohuo. Fauzia alitazama huku na huku, hakuona hata mmoja anayemwamini.

Basi akalitoa yai ndani ya kata, akaligonga kwenye paji la uso wake mwenyewe, akalimenya, akauma. Bila chumvi. Wino ulimpaka midomo. Kisha akamnyooshea mzee nusu iliyobaki, na kiini cha manjano kikavu kikaonekana na kila mtu.

Mzee Ussi alinusa, akaonja, akatafuna taratibu.

“Kuku,” alisema. “Tena limeiva mno.” Akamwaga maji ya kata. “Miaka arobaini ninakiamini kipimo hiki. Sijui ni mangapi kimenidanganya.” Akamgeukia mwongozaji. “Mwanaharusi, kirudishe kigingi. Hayo makapu nitayakataa mimi kwenye kamati.”

Mwanaharusi alikipigilia kigingi upya, hatua moja nyuma zaidi, kwa kuwa ndege walikuwa wamesogea. Fauzia ndiye aliyemshikia kamba, midomo myeusi.

Adhabu yake ilikuwa kufagia banda la kuku hadi mwisho wa muhula. Na kila asubuhi kuku wa matroni alimtazama, kwa jicho la mama anayeujua mwandiko wa yai lake.