Kiwanja cha Boko Chafuata Boti

Jumamosi saa moja asubuhi, Bernadeta alianua sare za watoto zilizoanikwa kwenye boti. Boti hiyo ilikuwa imekaa uani kwao Goba miezi mitatu, juu kilimani, mbali na maji yote isipokuwa ya bomba, ambayo nayo hutoka Jumanne. Mumewe, Adelard, alikuwa ameshavaa kofia ya nahodha. Alikulia Bukoba kando ya ziwa, akaamini bahari ni ziwa lililozidi chumvi.

"Mtwara na kurudi, siku kumi," alisema. "Nani Goba hii kafanya?"

"Hakuna. Wenzako wanapandaga basi."

Ubavuni boti iliandikwa BERNADETA kwa rangi ya dhahabu. Siku alipouliza fedha zimetoka wapi, aliambiwa mapenzi hayadaiwi risiti. Bernadeta ni mwalimu, mtoto anayeficha daftari anamjua. Lakini jina lake lilikuwa linang'aa, akanyamaza.

Waliishushia boti ufukweni Mbweni. Siku ya pili, walipoipita Kimbiji, Bernadeta alikuwa akimenya viazi alipoona kiwanja kinakuja nyuma yao.

Kilikuwa kiwanja chake cha Boko, alichoachiwa na marehemu baba yake, mchonga vinyago kutoka Masasi. Mkorosho ulikuwa katikati, na ukuta wa mbele ulikuwa na maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe kwa rangi nyekundu: KIWANJA HIKI HAKIUZWI. Aliyaandika akidhani matapeli hutoka nje. Kiwanja kilielea bila kuyumba, kikiacha nafasi ya adabu kati yake na boti.

"Adelard, kiwanja kinatufuata."

"Usikiangalie. Kitachoka."

Adelard akaongeza mwendo. Kiwanja nacho kikaongeza. Karibu na Mafia wavuvi walikipanda, wakala ugali wao kivulini, wakashukuru, wakashuka.

Kilwa Masoko walipokewa na mkaguzi wa vyombo, mzee Twalib, mwenye futi ya kupimia na kitabu cha faini.

"Shikamoo, mzee," alisema Bernadeta.

"Marahaba, mwanangu. Boti ina leseni. Tela je?"

"Si tela, ni kiwanja."

"Kinachovutwa ni tela. Mwenyewe nani?"

"Mimi."

Adelard akakohoa. Faini aliiogopa kuliko mke, kwa hiyo alifungua begi na kutoa hati ya mauzo, faini imwendee mwingine.

Bernadeta aliisoma kama anayesahihisha mtihani. Ilisema kuwa yeye, mke halali, ameridhia kiwanja kiuzwe kwa bwana Mwinshehe. Chini palikuwa na saini yenye mkia wa kujikunja, mkia ambao wifi yake Apolonia huutia hata kwenye orodha ya nyanya. Pembeni ilibandikwa picha ya Apolonia mwenyewe, akitabasamu, masikioni ana hereni za Bernadeta alizoziazima Pasaka.

"Huyu si mimi, mzee."

Twalib akaitazama picha, akamtazama yeye. "Kweli, hamfanani. Lakini hati hii ina mihuri mitatu, mwanangu. Wewe una mingapi?"

Akaandika kwamba kiwanja kirudishwe kwa mnunuzi ndani ya siku saba.

"Mama, si nimekuandika jina kwenye boti?" alisema Adelard kwa unyonge.

"Nimeliona. Ungempa Apolonia aandike, ana mkono mzuri."

Bernadeta akachukua mkeka, sufuria na viazi vyake, akahamia kiwanjani. Kiwanja kikageuka chenyewe kuelekea kaskazini. Adelard akaendelea na safari ya Mtwara, na jioni aliwatumia ndugu picha ya bahari kwenye kundi lao la simu, na maneno: "Mimi na mke wangu tunakula upepo." Apolonia alijibu kwa mioyo mitatu.

Siku nne Bernadeta alifagia majani ya mkorosho na kuyatupa baharini. Alikuwa ameamua jambo moja: hatashuka. Mtu aliyekaa kwenye ardhi ya babaye, nani atamwondoa?

Siku ya tano kiwanja kilipanda ufukweni, kikapita barabarani kwa subira kikipisha bajaji, kikaingia katika pengo lake huko Boko. Mwinshehe alikuwa anasubiri pamoja na fundi na mifuko ya saruji. Alikuwa mtu mstaarabu kupita kiasi.

"Pole na safari, dada. Umekirudisha salama."

"Hiki ni changu. Sishuki."

"Nani kakwambia ushuke?" alisema Mwinshehe, akamletea kiti cha plastiki na chupa ya maji ya baridi. "Kaa. Usijione mgeni, hapa ni kwenu."

Bernadeta akakaa. Baada ya muda fundi alikuja akiivuta kamba ya kupimia msingi, akamwomba radhi, akamwomba ainue miguu kidogo ili kamba ipite.

Akainua.