Saa Ilivyotoka Kwenye Kasha

Kila asubuhi Mapendo alipangusa kioo cha saa kubwa katika kiwanda cha magunia, Bukavu. Saa hiyo ililetwa ndani ya kasha, imepangwa kwa majira ya Kinshasa, ambayo yako nyuma ya Bukavu kwa saa moja. Hakuna aliyeirekebisha. Saa nyingine zote za kiwanda ziliifuata kwa nyaya. Asubuhi directeur, mkuu wa kiwanda, citoyen Amuri, aliwaingiza wafanyakazi kwa saa yake ya mkononi. Jioni aliwatoa saa kumi na moja ya ile ya ukutani, yaani saa kumi na mbili ya Bukavu.

Hospitali ilifunga mlango wa wageni saa kumi na mbili, na chakula cha wagonjwa kililetwa na ndugu zao. Siku tisa Mapendo alimpelekea mama yake aliyelazwa sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, akakuta mlango umefungwa. Alikuwa mwoga wa kusema, lakini alimweleza directeur kwamba mama huyo, Godelive, anaishi kwa vijiko vya wagonjwa wenzake.

"Saa iko vile ilitoka mu kasha," directeur alisema. "Haiguswe."

Siku ya kumi Godelive alikufa.

Baada ya matanga Mapendo alirudi na sufuria ileile. Akaiweka chini ya saa.

"Unapangaka saa zote," akaiambia saa taratibu. "Mupange na directeur."

Saa ikampanga. Tangu siku ile directeur akawa nyuma kwa saa moja. Aliposalimiwa, aliitikia baadaye, chumba kikiwa kitupu. Mvua ilipokwisha mjini ilianza kumnyeshea yeye, juani hata ofisini, na katibu wake Aloys aliondoa karatasi mezani. Nyumbani, mtaa wa Muhumba, mke wake alimfunikia chakula mpaka afike.

"Geuza ile saa, papa, na wewe utapona," Aloys alimshauri.

Ila saa ikigeuzwa, wafanyakazi wote wangetoka mapema. Jibu lilifika Aloys akiwa amekwisha kunywa chai: "Haiguswe."

Mwezi wa sita mama yake directeur alilazwa hospitali ileile, akamwita mwanawe. Directeur alitoka saa kumi na moja ya saa yake ya mkononi, kwa gari, safari ya dakika kumi. Alifika saa kumi na mbili na dakika kumi.

"Visite ilishaisha, papa," mlinzi wa mlango alimwambia. "Rudia kesho."

Kulipokucha mama alikuwa amekufa. Directeur alilia saa moja baada ya watu kutoka makaburini.

Jumatatu Monique, mfanyakazi mpya, aliingia na sufuria. Mume wake alikuwa hospitalini. Alimuuliza Mapendo wanatoka saa ngapi.

Mapendo alimaliza kupangusa kioo. Ufunguo wa kugeuzia saa ulining'inia kwenye msumari, karibu na mkono wake; hakuugusa.

"Saa kumi na moja," alisema. "Ya hii saa."