Yale Niliyobaki Nayo

Nilikuwa nimefika mstari wa saba. Kushoto kwangu kulikuwa na barua ya timu, kwa Kifaransa. Kulia niliweka karatasi safi ya Kireno, na katikati kamusi nene ya Kifaransa na Kireno ambayo sista mmoja Mbrazili aliiacha parokiani alipohama. Kila neno nililolimaliza nililitia nukta ya penseli juu yake. Ndivyo ninavyofanya kazi, neno kwa neno, ili nisiruke kitu.

Mstari wa saba ulisema kwamba mchezaji "alificha kwa makusudi" jeraha la goti lake kabla ya mechi ya Sange. Nililitafuta neno "kuficha" kwenye kamusi, nikalipata, nikaliandika. Nukta sikuitia.

Barua hiyo ililetwa asubuhi na Delphine, katibu wa timu.

"Papa Venant, komite inamungojea kesho saa ine," alisema, hata bila kukaa. "Umuandikie muzuri na Kireno yake. Asikuye kusema ati hakuelewa."

"Na akitia sahihi?"

"Mukataba inaisha. Anarudia kwabo. Ile muguu, batu ya kwabo batamutunza."

"Daktari amesema bila kupasuliwa hatacheza tena."

"Daktari amesema pia goti ilianza kuuma mbele ya match. Alijua, akanyamaza. Komite itafanya nini?" Akanitazama kwa huruma, akidhani ninamwonea mgeni wangu uchungu tu. "Weye tafsiri tu, papa."

Mgeni huyo ni Osvaldo, beki wetu wa kushoto, kutoka Angola. Amekaa Bukavu miezi minane. Hajui Kifaransa, na Kiswahili chake ni salamu na majina ya vyakula. Watu wa mtaa wetu wa Nguba humwita Obrigado, yaani "asante" kwa Kireno, kwa sababu hilo ndilo neno analomwambia kila mtu, hata aliyemkanyaga. Analala kwetu, kwenye chumba cha binti yetu Larissa aliyeolewa. Timu ilimleta kwangu kwa kuwa mimi, mtunza maktaba ya parokia, ndiye niliyejulikana mtaani kwamba najua Kireno. Nilijifunza kwa miaka minne, peke yangu, kwa kamusi hiyo na kitabu kimoja cha sarufi. Kabla Osvaldo hajafika sikuwahi kuzungumza lugha hiyo na mtu yeyote. Siku ya kwanza aliponijibu na nikamwelewa, nilirudi nyumbani nikitembea kama kijana.

Mwanzoni nilitafsiri kila kitu. Kocha Gentil akikohoa, karibu nimwambie Osvaldo kwamba kocha amekohoa. Siku moja kocha akanisimamisha mbele ya wachezaji wote.

"Papa Venant, weye si radio. Unipatie ile iko na maana. Ingine ubaki nayo."

Wachezaji walicheka, nami nikacheka nao. Tangu siku hiyo nikawa ninachuja. Nilijiona nimekua katika kazi.

Timu yetu ina desturi moja. Kabla ya mechi wachezaji na viongozi hushikana mikono, huomba, na baada ya amina hakuna anayetaja ugonjwa, jeraha wala shida ya nyumbani mpaka filimbi ya kwanza ilie. Anayetaja anaaminiwa kuwa ameiita shida uwanjani. Sijui desturi hiyo ilianza lini. Hakuna aliyemfundisha Osvaldo, maana mimi ndiye niliyetakiwa kumfundisha, na niliona ni jambo dogo.

Kule Sange jua lilikuwa kali na uwanja mgumu kama sakafu. Tuliomba, tukaitikia amina. Tulipokuwa bado tumeshikana mikono, Osvaldo aliinama akaniambia sikioni:

"Goti halijakaa sawa tangu Alhamisi. Linacheza ndani. Mwambie kocha nianze kwenye benchi."

Nilimsikia vizuri. Nililielewa kila neno, hata lile la "kucheza", ambalo kitabu cha sarufi hakikuwa nalo. Kocha alikuwa mtu wa tatu kutoka kwangu, macho yamefungwa, midomo bado inaomba. Ilikuwa hatua mbili tu. Nilifikiri juu ya desturi. Nilifikiri pia juu ya wachezaji kunicheka tena.

Osvaldo akauliza, "Amesema nini?" Labda aliona midomo ya kocha inasogea, akadhani tayari nimemwambia.

Nikamjibu, "Anasema ujikaze. Anakuamini."

Sentensi hiyo ilitoka kwa Kireno safi kuliko zote nilizowahi kusema. Osvaldo aliitikia kwa kichwa, akaingia uwanjani. Katika dakika ya sitini goti liliteguka, bila hata mtu kumgusa.

Wiki hiyo tulimpeleka Katana hospitalini, kisha tukamrudisha kwetu na magongo. Siku ya tatu kocha Gentil alikuja kumtazama. Alileta nanasi, akasimama mlangoni akilishika kwa mikono miwili. Osvaldo aligeuza uso akatazama ukuta.

"Anaona haya," kocha aliniambia. "Mutu alinificha muguu, sasa anaona haya. Angesema tu, ningemuweka kando. Mimi si munyama."

Na Osvaldo, bila kugeuka: "Mwambie mtu huyu mguu alioumaliza ndio huu. Atazame, aende."

Nilimwambia kocha kwamba mgonjwa amechoka. Nilimwambia Osvaldo kwamba kocha anamwombea. Nikalipokea nanasi.

Ndiyo maana nukta haikukaa kwenye mstari wa saba.

Mke wangu Olive aliingia na beseni la maharagwe, akakaa mlangoni penye mwanga kuyachagua. Osvaldo alimfuata na magongo yake, akakaa kwenye kibao, akanyoosha mguu, akaanza kuchagua naye. Hao wawili hawana lugha hata moja ya pamoja na wanaelewana siku nzima.

"Obrigado, hii jiwe ulipitisha," Olive akamwambia, akimwonyesha. "Unataka kuvunja meno ya muzee yangu?"

Osvaldo alicheka, akalichukua jiwe. Olive akanigeukia.

"Na weye? Tangu asubuhi uko unatazama karatasi kama inakutukana. Inasema nini?"

Nikamwambia yote, la barua na la Sange. Sikuwahi kumwambia. Osvaldo alisikia jina lake mara nyingi, akaacha kuchagua.

Olive akaweka beseni chini. "Muzee, unamulisha maharagwe," akasema, "na iko kitu yake umekalia. Mwambie sasa, mimi niko hapa."

Nikavuta kiti karibu. Nilianza kwa barua, nikaisoma kwa Kireno mpaka mstari wa saba.

"Nilificha?" Osvaldo akasema. "Wewe ulimwambia. Nilisimama hapo."

"Sikumwambia."

Alingoja, akidhani nimekosea neno. Hunirekebisha mara nyingi, kwa upole.

"Sikumwambia kitu," nikarudia polepole. "Kocha hakusema ujikaze. Nilisema mimi."

Alitazama mguu wake. Nilitaka anitukane. Kireno kina matusi mengi ambayo sikuyasoma, na ningeyapokea yote. Badala yake aliuliza:

"Kwa hiyo siku ile alipokuja, hakujua?"

"Hakujua."

"Na nanasi lilikuwa la kweli."

"Ndiyo."

"Sikuligusa," akasema. Akapangusa vumbi la maharagwe mikononi. "Andika. Kwa lugha anayosoma yeye, na komite yake."

Niliisukuma barua ya timu pembeni, nikachukua karatasi nyingine. Nikaandika kwa Kifaransa kwamba mimi Venant, niliyetia sahihi hapa chini, ndiye mtafsiri wa timu. Nilipotaka kumsomea kwa Kireno, alinyanyua mkono.

"Usinisomee. Nipe hiyo."

Alichukua kamusi. Akaweka kidole chake kwenye neno la kwanza la karatasi yangu, akalitafuta mwenyewe, herufi moja moja, midomo ikisogea. Alipolipata alichukua penseli yangu, akatia nukta. Kisha neno la pili. Maneno madogo kabisa, ambayo ningemweleza kwa pumzi moja, aliyatafuta pia. Nilikaa mikono mapajani. Kuna neno moja lililomkwamisha, na jibu nilikuwa nalo mdomoni, lakini sikulitoa, kwa sababu hakuniuliza.

Tulikwenda hivyo mchana wote. Ninaandika mstari, anauhakikisha, anapoitikia kwa kichwa naendelea. Maharagwe yaliiva, tukala, tukarudi mezani. Jioni tulikuwa na mistari minne. Wa nne uliishia hapa: "Mchezaji aliniomba nimwambie kocha kwamba". Umeme haukuwa umerudi tangu asubuhi, na herufi za kamusi ni ndogo. Osvaldo alifumba macho akayasugua.

"Kesho saa kumi na mbili," akasema. "Kukiwa na mwanga."

"Bado sehemu ngumu."

"Najua iliyobaki. Nilikuwepo."

Alichomeka kijiti cha kiberiti kwenye ukurasa, akafunga kamusi. Nilinyoosha mkono kuirudisha rafuni, mahali pake pa miaka yote. Hakunipa. Alisimama kwa magongo, na kwa kuwa hakuwa na mkono wa kuibebea, alimwashiria Olive kwa kidevu. Olive akaichukua, akamtangulia nayo chumbani kwake.