Ngazi za Jikoni

Asubuhi ya Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Agosti, Jackie alikutwa sebuleni ameketi juu ya begi, vazi lake la kuogelea amelivaa juu ya sweta, miwani ya majini imemkaa kwenye paji la uso. Nje, ukungu wa Ruiru ulikuwa umeshuka hadi uani pao hapo Membley, na vioo vya madirisha vilitoka jasho. Mtoto alijua fika kwamba safari haipo. Alikuwa ameambiwa mara tatu. Lakini tangu ajifunze kutembea, siku hii ilikuwa siku ya kwenda pwani, na mwili wake wa miaka tisa ulikuwa umeamka na kuvaa bila kumshauri.

Mama yake, Wangechi, alisimama mlangoni akimtazama. Chumbani, mumewe Kiama alikuwa amelala chali, amenyooka kama ubao. Wiki tano tu zilikuwa zimepita tangu apasuliwe mgongo, na daktari alikuwa amemkataza katakata kukaa garini hata saa moja, sembuse siku nzima ya kwenda Watamu.

Si bahari peke yake iliyomliza Jackie. Wangechi alikuwa mwalimu wa historia, na kila mwaka, baada ya siku mbili tatu za kuogelea, aliwapeleka kwenye magofu ya Gede akawaonyesha visima na mihirabu. Huko Jackie alikuwa na chumba chake kisicho na paa, alichokifagia kwa tawi na kukiita kasri.

Saa tatu simu ililia. Alikuwa Gachau, baba yake Kiama, mstaafu wa kiwandani aliyeishi peke yake Makongeni, Thika. Alitaka kumjulia mwanawe hali, lakini Jackie aliidaka simu akammwagia babu yake kilio chote. Mzee alimsikiliza hadi akamaliza.

"Kama ni magofu, hata sisi huku tunayo," alisema. "Mwambie mama yako anipitie."

Wangechi alipopewa ujumbe huo, alisita. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa, hakuwahi kukaa na mkwewe wawili tu, hata kwa muda wa kikombe cha chai. Siku wazee wa akina Kiama walipokuja kwao kwa mazungumzo ya mahari, ni yeye aliyempakulia Gachau chakula. Mzee aliipokea sahani, akainua macho, kisha akaiweka mezani bila kuigusa. Akasema presha imempanda, akaondoka. Harusini hakufika. Tangu hapo walisalimiana kwa adabu ya watu wanaopishana ofisini, na kila Wangechi alipowapikia wakwe, aliiona sahani ile.

"Nenda," Kiama alimwambia kutoka kitandani. "Baba si mtu wa kualika watu ovyo."

Walimkuta Makongeni kando ya barabara, amevaa koti na kofia, mkononi chupa ya chai na mfuko wa mahindi ya kuchemsha. Aliketi mbele, akawarudisha kwenye barabara kuu kuelekea Ruiru, kisha akawaonyesha njia ya vumbi iliyoingia katikati ya mibuni. Upande mmoja mibuni ilisimama bado, myeusi kwa umande. Upande wa pili ilikuwa imeng'olewa yote, na vigingi vya kupimia viwanja vilikuwa vimepigwa hadi upeo wa macho.

Nyumba yenyewe ilikuwa juu ya kilima. Ilibaki kuta za mawe ya kuchonga, dohani moja refu, na mjakaranda uliochipuka pale palipokuwa sebule. Zamani ilikuwa ya mzungu mwenye shamba. Jackie alizunguka mara moja, akarudi akihema.

"Guka," alimwuliza babu yake, "hii ni yetu?"

"Leo ni yetu. Wenyewe hawapo."

Mtoto alipotelea ndani, wakamsikia akiyapa majina madirisha. Wangechi alicheka, na kwa mara ya kwanza aliona pembe za macho ya mzee zikilegea. Wakatembea pamoja kwenye nyasi hadi nyuma ya nyumba. Hapo palikuwa na ngazi tatu za mawe zilizopanda kwenye mlango wa jikoni. Jackie alitokea ndani na hindi lake, akaketi kwenye ngazi ya katikati.

"Usikae hapo," Gachau alisema.

Hakupaza sauti, lakini Jackie aliinuka kama aliyechomwa. Mzee akajaribu kutabasamu. "Kuna ubaridi. Hebu kaone kama dohani lina ndege." Mtoto akaenda. Gachau akavua kofia, akaigeuzageuza mikononi.

"Mama yangu alikuwa akipika hapa," alisema. "Nilikuwa na miaka saba. Nikaugua surua, koo likawa halipitishi chakula. Akachukua kikombe cha maziwa humu ndani, akaniletea kule chini kwenye vibanda. Kesho yake akaamrishwa alale kwenye hii ngazi, akachapwa mbele ya wafanyakazi wote. Mimi nilikuwa nyuma ya pipa lililokuwa pale. Maziwa nilikuwa nimeshayanywa."

Wangechi aliitazama ngazi ile.

"Mzungu hakushika fimbo," Gachau aliendelea. "Alikuwa na nyapara. Jina lake sikulijua. Sisi watoto tulimwita Bwana Viatu. Ila uso niliujua. Miaka hamsini baadaye nikaja kwenu, ukanipa chakula, nikainua macho ili nikushukuru. Nikauona uso huo ukutani, nyuma ya bega lako, kwenye fremu yenye maua."

Ilikuwa picha ya marehemu babu yake Wangechi, aliyemlea.

Upepo ulipita kwenye mibuni. Miaka yote hiyo Wangechi aliwafundisha watoto wa watu habari za kuta zilizo mbali, akijua nani alizijenga na nani alizihama. Na hapa, mwendo wa dakika ishirini kutoka kitandani kwake, palikuwa na mawe matatu ambayo hakuwahi kusikia habari zake. Alitaka kusema si yeye. Alitaka kusema huenda ni mtu mwingine. Lakini alikumbuka kwamba babu yake aliwahi kufanya kazi katika mashamba ya kahawa, na kwamba kila alipoulizwa habari za huko, aliomba maji ya kunywa.

"Baba," alisema hatimaye, "mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Ulikuwa msichana mwenye sahani mkononi. Hukunikosea. Mimi ndiye niliyekukosea, nikakuacha ubebe nisichokueleza." Alivaa kofia yake. "Leo sikukusudia kusema. Nilidhani nitamwonyesha mtoto dohani, basi."

Hawakukaa sana. Jackie alitaka maji, walau ya kutazama tu, kwa hiyo wakaendesha gari hadi Thika, kwenye maporomoko ya Chania. Katika bustani ya hoteli ya zamani iliyo karibu na maporomoko, mtoto aliegemea uzio akayatazama maji yakijitupa mwambani, manyunyu yakimlowesha miwani. Wakwe wawili walikaa kwenye benchi nyuma yake. Gachau alimmiminia Wangechi chai kwanza, ndipo akajimiminia.

"Mama Jackie," alisema, "mimi babu yako namkumbuka kwa siku moja tu, na siku hiyo imenitosha miaka sitini. Wewe ulikaa naye. Niambie alikuwa mtu gani."

Wangechi alikizungusha kikombe. Aliyemjua yeye ni mzee aliyemmenyea miwa, aliyemsubiri getini akitoka shule, aliyelia redio ilipotangaza vifo vya watu asiowajua. Atamsifuje mtu huyo mbele ya huyu?

"Sijui kama utapenda kusikia."

"Sijasema nitapenda."

Maporomoko yalivuma hata ikambidi asogee, bega lake likagusana na koti la mzee. Alitafuta pa kuanzia. Akachukua kumbukumbu iliyokuja kwanza, kwa kuwa ilionekana ndogo na isiyo na madhara.

"Alifuga mbuzi," alisema. "Aliwachunga kwa mluzi. Kwetu fimbo ilikuwa marufuku, hata ya kuswagia mbuzi. Watoto wa jirani walitucheka. Mjomba wangu, akiwa bado mtoto, aliwahi kuokota fimbo njiani akaingia nayo uani, ya kuchezea tu, na babu akainuka akatetemeka mwili mzima, akamwambia aitoe, aitupe mbali, asi..."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe kana kwamba mtu mwingine alikuwa akiyasema.

Gachau hakugeuka. Alikuwa ameyakazia macho maji, kikombe kimeganda karibu na midomo. Kisha alikishusha taratibu, akakiweka juu ya goti.

"Endelea," alisema.